Barua ya Asiyeona

Je, mtu asiyeona anadhulumiwa anaposomewa barua yake na mtu mwenye nia njema? Wengi watajibu upesi kwamba hadhulumiwi, bali anatendewa wema. Twawaomba wasomaji wetu wasifanye haraka.

Tumfikirie mwalimu asiyeona katika kijiji kama Kinampanda, wilayani Iramba, mahali panapojulikana kwa chuo chake cha ualimu. Mikoa hii ya kati, iliyo kame, imeujua sana ugonjwa wa vikope, ambao usipotibiwa humpofusha mtu polepole. Kwa hiyo jambo tulisemalo si geni kwa watu wa Singida. Mwalimu huyo aletewa barua. Huenda yatoka benki kuhusu mkopo. Huenda ni majibu ya hospitali. Huenda yatoka kwa mwanawe aliyeko Mwanza, mwenye neno ambalo hangependa shangazi zake walisikie. Amwita mtoto wa darasa la sita amsomee. Mtoto asoma, aruka neno gumu, asita penye jambo la aibu, na kabla jua halijatua watu wote kisimani wamekwisha kujua deni ni shilingi ngapi. Hakuna aliyekusudia ubaya. Walakini mtu mzima, baba wa watoto, amekosa kitu ambacho kila mmoja wetu hukipata kwa kufunga mlango tu.

Ndiyo maana twaiona kompyuta yenye kusema kuwa ni jambo la haki kabla ya kuwa jambo la ufundi. Ndani yake huwekwa programu isomayo kwa sauti maneno yaliyo kwenye skrini. Mtumiaji hahitaji kipanya. Hutumia vitufe vya kibodi peke yake, na vile vya F na J vina vinundu vidogo vya kuongoza vidole. Kila herufi aiandikayo hutajwa, kila mstari autakao husomwa, naye akiweka hedifoni masikioni hakuna ajuaye asomacho. Waliozoea huiharakisha sauti hiyo mpaka mgeni asikie kelele tupu.

Wala tusidhani kwamba vitu hivi ni sadaka ya wenye macho. JAWS, iliyotoka mwaka 1989, ilianzishwa na Ted Henter wa Marekani, aliyekuwa mshindani wa mbio za pikipiki kabla ya kupofuka kwa ajali ya gari mwaka 1978. Bei yake, hata hivyo, ilikuwa mzigo mzito kwa mwalimu wa kwetu. Mwaka 2006 kijana asiyeona wa Australia, Michael Curran, akaanza kuandika NVDA, nayo hutolewa bure hata leo. Louis Braille mwenyewe, aliyechapisha nukta nundu zake mwaka 1829, alikuwa kipofu tangu utotoni.

Kiswahili kina bahati katika jambo hili. Maneno yetu hutamkwa kama yalivyoandikwa, na mkazo kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Basi kanuni chache zatosha kuifunza mashine kusoma. Sauti ya eSpeak, itumikayo pamoja na NVDA, inacho Kiswahili miongoni mwa lugha zake. Ni sauti kavu, kama ya karani aliyechoka saa tisa alasiri, lakini yaeleweka. Vituko huanza pale sauti ya Kiingereza inapoachiwa kusoma Kiswahili.

Wapo wazee watakaosema kwamba mjukuu amsomeaye babu yake hujifunza heshima, na kwamba mashine itawatenga. Neno hilo lina uzito, nasi twalikubali nusu yake. Babu na amwite mjukuu kwa sababu ampenda, si kwa sababu hana njia nyingine. Na mjukuu na asome gazeti, si barua ya benki.

Shaka yetu kubwa zaidi ni juu ya watoto. Mtoto asiyeona alelewaye kwa kusikiliza tu, bila kugusa herufi, atajuaje tahajia? Shule ya Buigiri, mkoani Dodoma, imewafundisha wasioona tangu mwaka 1950, na vidole vya wanafunzi wa namna hiyo vimejua ritifaa ya ng'ombe inakaa wapi. Walimu wanaofundwa Kinampanda na penginepo watakutana na watoto hawa madarasani; wasikubali kompyuta iwe kisingizio cha kuzitupa nukta nundu.

Lakini turudi kwa barua yetu. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 22 ya mkataba huo yalinda faragha ya mtu, pamoja na barua zake. Hata hivyo ofisi nyingi zina desturi moja. Karani huiandika barua kwa kompyuta, huichapa karatasini, huigonga muhuri, huitia sahihi, kisha huipiga picha na kuituma kwa simu. Kwa mwenye macho hiyo ni barua ile ile. Kwa asiyeona ni picha, na programu yake hunyamaza. Ziko njia za kuyatambua maneno yaliyo ndani ya picha, ila muhuri ulioangukia juu ya tarehe huzipotosha. Basi mwalimu wetu, mwenye kompyuta, mwenye umeme, mwenye elimu, arudi kumwita yule mtoto wa darasa la sita.

Hapo hatuwezi kusema tena kwamba hakuna aliyemdhulumu. Karani asiyejua ana udhuru. Karani aliyekwisha kuambiwa, naye akaendelea vile vile kwa uvivu, hana. Maandishi yenyewe yamo bado katika kompyuta yake, na kuyatuma pamoja na ile picha yenye muhuri ni kazi ya dakika moja.