Amri ya Nne Kambini



Katika mafundisho ya Amri ya Nne, baada ya baba na mama, katekisimu yatuagiza kuwatii pia wakubwa wa serikali katika yote yasiyo dhambi. Mtoto hulijibu neno hilo kwa moyo, kisha huenda zake kucheza. Lakini afisa wa jeshi, awe wa nchi kavu, wa majini au wa angani, aweza kuulizwa swali lilo hilo na askari wake mwenyewe, bunduki zikimwelekea, wala pasiwe na padre karibu wa kumnong'oneza jibu.

Hapa Kindu swali hilo liliulizwa. Tarehe 11 Novemba 1961 zilitua ndege mbili za Italia, zikiwaletea chakula askari wa Malaya waliokaa hapa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Wanahewa wale walikuwa 13, na mmoja wao alikuwa mganga. Walipokuwa mezani na wenyeji wao, walivamiwa na askari wa Kongo walioasi. Uvumi ulisema kwamba hao ni watu wa Tshombe wa Katanga, na uvumi ukatosha. Walipigwa, wakachukuliwa, wakauawa wote, wakazikwa Tokolote ukingoni mwa msitu. Mwaka 1962 miili yao ilirudishwa kwao, ikalazwa Pisa.

Tazameni sasa kalenda ya Kanisa. Siku hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Martino wa Tours, yule askari aliyelikata joho lake kwa upanga langoni pa Amiens, akampa nusu maskini aliyetetemeka kwa baridi.

Watu husema waliua kwa sababu ya ukali wao. Mimi naona chanzo ki nyuma zaidi. Wakubwa wao walikuwako, lakini amri yao haikusikiwa tena. Amri ya Nne ilipovunjwa kambini, ya Tano haikudumu.

Mwaka 1964 Simba walipoiteka Kindu, vikosi vingi vya serikali vilikuwa vikikimbia mbele yao, mara nyingi pasipo kupiga risasi. Mwezi Agosti wakaishambulia Bukavu. Huko Kanali Léonard Mulamba hakukimbia. Alisimama na askari aliokuwa nao, na mji haukutekwa. Huo ndio uaminifu, nao una sifa yake.

Lakini Novemba 1965 jeshi lenyewe liliipindua serikali, na Mulamba huyo huyo akawa Waziri Mkuu wa utawala mpya. Sisemi hivi nipate kumhukumu marehemu. Nasema kwa kuwa mwenye kufundisha habari ya Bukavu na kuinyamazia ya mwaka uliofuata amefundisha nusu. Afisa ameapa kwa nani, basi? Kwa mtu aliyeketi kitini leo, au kwa mamlaka halali iliyowekwa kuwalinda raia? Akida wa Kapernaumu alimwambia Bwana wetu mambo mawili: kwamba yeye mwenyewe yu chini ya amri, na kwamba ana askari chini yake. Wengi wetu twapenda lile la pili tu.

Wala utii haumwondolei mtu dhamiri. Mapokeo yatusimulia habari za Mtakatifu Maurisio na wenzake, askari wa Roma: walikataa kuwaua wasio na hatia, lakini hawakumwinulia Kaisari silaha. Kumkatalia mkubwa dhambi si kuasi. Afisa akiletewa mfungwa asiye na silaha ili amwue, jibu lake ni moja, agizo litoke kwa waasi au kwa serikali.

Makatekista wapendwa, mfikapo kwenye amri hii msiipite upesi. Na tarehe 11 Novemba, katika Misa ya Mtakatifu Martino, waombeeni wale 13 waliolazwa Pisa. Waombeeni na waliowaua, kwani walikuwa wana wa nchi hii, na huenda baadhi yao waliijibu katekisimu hii hii darasani kwa moyo.