Damu ya Mwenye Kulazimishwa

Ndugu zetu wa Silanga, katika Kibera ya Nairobi, wametuletea swali ambalo tumelizungumza darasani zaidi ya mara moja. Wasema: khabari za vita zimezidi duniani, na vijana wao waulizana kama siku za kuandikwa jeshi kwa nguvu zitarudi. Je, mtawala ana haki ya kumtwaa mtoto wa mtu akampeleka vitani bila ya ridhaa yake? Wako waliolicheka swali hili, kwani Kenya ya leo haimlazimishi mtu kuwa askari, na vijana ndio wanaojipanga kuomba nafasi jeshini wakarudishwa. Hayo ni kweli. Lakini khofu hii ina asili yake, na asiyeijua asili yake asiwacheke wenziwe.

Kibera imezaliwa na jeshi. Wanubi waliokaa hapo mwanzo walikuwa askari wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, na wazee wao walikuwa Wasudani wa jeshi la Misri, waliochukuliwa na Lugard karibu na Ziwa Albert mwaka 1891. Tukirudi nyuma zaidi, wengi katika hao asili yao ni watu waliotekwa vijijini mwao wakafanywa watumwa, kisha wakavishwa nguo za jeshi. Mjerumani naye alikwenda Cairo mwaka 1889 akaandika Wasudani wengine kwa ajili ya koloni lake la Tanganyika. Vilipozuka vita vya 1914, Waislamu wa asili moja walisimama pande mbili wakipigana risasi, kila mmoja kwa ajili ya mfalme asiyepata kumuona.

Hao angalau walishika bunduki. Mpagazi alishika mzigo tu. Mwaka 1915 serikali ya Mwingereza ilipitisha sheria ya kuwakamata watu kwa kazi ya kuchukua mizigo ya jeshi, na mwaka 1917 ikafanya msako mkubwa nchi nzima. Kila chifu akapangiwa idadi ya vichwa. Chifu akimtoa nani? Hakumtoa mwanawe, alimtoa yatima, na fukara, na yule aliyegombana naye. Hesabu ya wakubwa wenyewe ilikiri kuwa wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, na wengi wao hawakuuawa na adui, bali na kuhara damu, na homa, na unga usioiva. Mishahara ya maelfu katika hao haikuwafikia warithi wao hata leo. Jina lao limebaki Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, na wanunuzi wa samaki na vitambaa hupita hapo wasijue wanakanyaga jina la nani.

Wala tusidhani, sisi watu wa pwani, kuwa hayo ni mambo ya bara. Wagiriama waliokataa kutoa vijana wao walipigwa mwaka 1914, wakatozwa faini ya rupia 100,000. Na mwezi wa Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa ikielekea Colombo, ikazamishwa na Wajapani, wakafa watu wapatao 1,300, na mamia katika hao ni askari wa Afrika ya Mashariki.

Sasa tuliangalie swali lenyewe. Mtawala ana hoja, na si haki kuificha: mji ukivamiwa, na kila mtu akingoja apende mwenyewe, mji utakwenda. Wanavyuoni wetu wamelikubali hilo. Adui akiingia mjini, kumzuia huwa ni wajibu wa kila awezaye. Ama visipokuwa hivyo, jambo ni la kutoshelezana, na kijana hatoki ila kwa idhini ya wazee wake. Ni mashuhuri khabari ya mtu aliyemjia Mtume (s.a.w.) akitaka kutoka vitani, akaulizwa kama wazazi wake wahai, kisha akaamrishwa arudi akawatumikie. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa chini ya bendera ile, basi ni hoja gani aliyokuwa nayo aliyemkokota Mkamba au Mnyamwezi kwenda kufa Rufiji?

Na liko zito kuliko hilo. Kulazimishwa humuondolea mtu dhambi ya mambo mengi, lakini wanavyuoni wamekubaliana kuwa hakumhalalishii kumuua asiye na hatia. Basi anayemlazimisha kijana kushika bunduki katika vita vya dhulma amemtia baina ya moto na moto. Kwa sababu hiyo twasema mwenye kulazimisha ndiye mdhamini: wa damu ile, na wa mayatima, na wa ujira. Na mtawala hata akiwa na haki ya kulazimisha, hana haki ya kuwaacha watoto wa matajiri nyumbani, wala ya kumshika mtu bila ya muda. Eritrea iliweka sheria ya miezi 18 mwaka 1995; tangu vita vya 1998 muda ule haukuwa na mwisho, na vijana wake wakawa wanakimbilia jangwani na baharini.

Angalieni deni la Kibera lilivyolipwa. Wanubi walitengewa zaidi ya ekari 4,000 kwa utumishi wao, bila ya hati. Hati ikaja mwaka 2017, miaka mia na zaidi baadaye, na ni ya ekari 288.

Wameuliza pia ndugu zetu juu ya mawakala wanaowaahidi vijana kazi ya ulinzi au udereva Urusi, kisha wakajikuta vitani Ukraine. Serikali ya Kenya ilisema mwaka 2025 kuwa Wakenya zaidi ya 200 huenda wameingia jeshi lile. Jawabu letu ni kuwa aliyedanganywa hakuridhia, na karatasi aliyotia sahihi kwa lugha asiyoijua haimfungi mbele ya Mungu. Jamaa zake wasinyamaze kwa haya. Waende Wizara ya Mambo ya Nje, wampeleke na jina la wakala aliyempokea fedha, na mashahidi wawili.