Nani Atamtetea Kibaka?

Kijiweni swali hili halina mjadala. Kibaka ni kibaka. Kashikwa, simu ya mtu anayo mfukoni, sasa kesi ya nini tena? Na wakili anayekwenda kumtetea naye ni mwizi tu, tofauti yao ni tai. Ndivyo tunavyosema, washikaji, halafu tunacheka na kugongeana mikono. Leo tuache kucheka kidogo, tuulizane: hivi mtu anayeshtakiwa kwa kumwaga damu ya mwenzake anastahili kutetewa? Na kama anastahili, ni kwa faida ya nani?

Kwanza tusidanganyane kuhusu kosa lenyewe. Mama ntilie anayeamka saa kumi alfajiri kwenda sokoni, akakatwa panga la mkono kwa ajili ya mtaji wa siku moja, hana muda wa kusikiliza falsafa zetu. Yeye ndiye aliyeumia. Kijana mwenzangu unayeandika hadithi na kumpamba jambazi kwa miwani myeusi na maneno makali, nenda kwanza wodini ukamwone huyo mama. Nikisema mshtakiwa atetewe, silitetei panga.

Sasa tuitazame sheria yetu ya Tanzania. Kwa mujibu wa Kanuni za Adhabu, mtu akiiba huku ana silaha, na akatumia nguvu au akatishia kuitumia ili aipate mali ile au asinyang'anywe, adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Kisichopungua! Hakimu hata akikuonea huruma, chini ya hapo hashuki. Na silaha si lazima iwe bunduki. Kisu cha kukatia vitunguu ni chombo cha jikoni mpaka pale kinapoelekezwa shingoni mwa mtu. Simu ile ile ikiibwa kimya kimya, bila kisu wala vitisho, wizi wa kawaida kikomo chake ni miaka 7. Kati ya 7 na 30 pana ujana mzima wa mtu, na ujana huo umening'inia kwenye maswali madogo madogo: kisu kilikuwepo? Kilitolewa? Nani alikishika? Lazima awepo mtu wa kuyauliza kwa sauti.

Swali la kwanza kabisa ni hili: ndiye yeye? Linaonekana la kijinga, lakini hebu fikiria umevamiwa uchochoroni usiku, umeme umekatika, jambo zima halikufika dakika mbili, na muda wote macho yako yalikuwa kwenye panga. Ungeijua sura? Mwaka 1980, katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kupita aina zote, na mahakama isiutegemee mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Shahidi alimtazama kwa muda gani? Kwa umbali gani? Mwanga ulikuwaje? Alikuwa anamfahamu kabla? Hayo si maneno ya kumwokoa mwizi. Shahidi anaweza kuapa kwa moyo mweupe kabisa na bado akamnyooshea kidole asiyehusika.

Na ile simu mfukoni? Hapa vijana wengi tunaponzwa na bei poa. Ukikutwa na kitu kilichoibwa hivi karibuni, mahakama inaweza kukuhesabu kuwa ndiye mwizi usipotoa maelezo yanayoingia akilini. Kuna anayenyamaza kwa woga, na kuna anayenyamaza kwa kuwa hana la kusema. Ukiwa nje huwezi kuwatofautisha. Mwingine atasema siku ile alikuwa Morogoro. Huyo anatakiwa atoe taarifa ya utetezi huo mapema, lakini mzigo wa kuthibitisha kosa unabaki kwa upande wa mashtaka.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima usingizi. Chukua kijana wa bodaboda. Kawapakia wawili, kawashusha, kawasubiri, kawaondoa mbio. Panga hakulishika. Sheria inasema watu wakiwa na nia ya pamoja kufanya uovu, na katika kuutimiza likatendeka kosa lililotazamiwa kutokea, kila mmoja anahesabika kuwa amelitenda. Kwa hiyo kila kitu kinategemea alichokijua. Kama alijua, naye ni mnyang'anyi. Kama alidhani amebeba abiria, hana kosa, maana kuwepo tu mahali pa tukio hakumfanyi mtu kuwa mhalifu.

Kijiweni tutasema: alijua bwana, huyo naye wale wale. Haya. Chukua basi sheria hiyo hiyo uipeleke kwenye lile kundi linalopiga kelele za mwizi. Mmoja kaleta tairi, mwingine petroli, mwingine kiberiti, na wengine wamerusha jiwe moja moja. Nani kaua? Kila mmoja atasema mimi nilirusha kimoja tu. Lakini kwa nia ya pamoja wameua wote, na kosa lao linaitwa mauaji, ambayo adhabu yake ni kubwa kuliko ya yule waliyemchoma. Siku wakifikishwa kortini watataka wakili. Watataka shahidi aulizwe kulikuwa na mwanga kiasi gani, watataka ijulikane nani alikuwa anapita tu. Watadai kila kitu walichomnyima marehemu, nao watakuwa na haki ya kukidai.

Hata mama ntilie wetu anaweza kusimama kizimbani. Tuseme alipovamiwa alishika mchi akampiga mvamizi, jamaa akafa. Sheria inamruhusu kujitetea kwa nguvu zinazolingana na hatari, lakini lazima pawe na mtu wa kuuliza hatari ilikuwa kubwa kiasi gani, na kama mvamizi alikuwa ameshageuka kukimbia. Ukiufunga mlango wa utetezi kwa sababu ya kibaka, umeufungia na mama.

Nasikia mtu ananiambia: basi wenye hatia watapona. Kweli, wengine watapona, na inauma. Lakini akifungwa asiyehusika miaka 30, aliyekata mkono yuko mtaani, ananoa panga lake. Mama hakulipwa chochote hapo. Kapewa mtu wa kumchukia tu.

Na gharama huanza kabla ya hukumu. Kwa shtaka hili dhamana haipo. Mahakama ya Rufani iliwahi kukikataa kifungu kinachoizuia, mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini mwaka 2020 ikaamua kuwa zuio ni halali. Katiba inasema mtu asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike, naye anaisubiri siku hiyo akiwa mahabusu. Wengi wanasimama bila wakili, ingawa Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu 2017.

Sisi tunaoandika tuna bahati moja mbaya. Jambazi wa hadithi yetu tunamjua tangu ukurasa wa kwanza, maana tumemuumba wenyewe. Hivyo tunazoea kudhani hata mtaani tunamjua. Hakimu hakumuumba mtu yeyote. Anacho kisu mezani, shahidi anayetetemeka, na kijana anayesema si mimi.

Basi msomaji, jioni moja utasikia kelele za mwizi, utatoka mbio na wenzako. Kabla hujainama kuokota jiwe, muulize wa kando yako: wewe umemwona akiiba? Akikujibu "wanasema", utafanyaje?