Haruni wa Musa

Je, mtu akimpa mwenzake sadaka amemaliza deni lake kwake? Swali hili linatugusa tunapowafikiria ndugu zetu wenye ulemavu, watu wazima wenye ujuzi na nia ya kufanya kazi, lakini hawaajiriwi.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 3 tunasoma habari za kiwete aliyebebwa kila siku hadi kwenye mlango wa hekalu uitwao Mzuri, ili aombe sadaka. Waliombeba walimtendea wema, lakini wema huo ulimfikisha mlangoni tu. Sadaka ya leo ilimlisha leo. Kesho alirudi palepale.

Kazi ni jambo jingine. Kabla dhambi haijaingia ulimwenguni, Mungu alimweka mwanadamu bustanini ailime na kuitunza. Kwa hiyo kazi ni sehemu ya heshima ya mtu. Tukimlisha mtu huku tukimnyima kazi anayoiweza, tumelijali tumbo lake na kuiacha heshima yake.

Wako wasemao kwamba kazi inataka ufanisi, na mwajiri hawezi kulipa mishahara kwa huruma. Hoja hii ina uzito. Lakini tumtazame Musa. Katika Kutoka sura ya 4 alijitetea kwamba ulimi wake ni mzito. Mungu hakumwondolea kazi, wala hakumtafutia nyingine iliyo nyepesi. Alimpa Haruni awe msemaji wake, na wito ukabaki wa Musa.

Sisi tunaoona tumewekewa taa ofisini, na bili ya umeme hulipwa kila mwezi. Hakuna anayeiita taa hiyo huruma. Basi kwa nini mkalimani wa lugha ya alama kwa kiziwi, au njia ya mteremko kwa anayetumia kiti cha magurudumu, vihesabiwe kuwa huruma?

Hapa Tanzania, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu. Usharika wenye katibu, mhasibu, mlinzi na walimu wawili wa chekechea haufiki idadi hiyo. Sheria haiugusi, lakini dhamiri inaugusa.

Kwa hiyo nafasi ya kazi inapopatikana kanisani, dukani au shambani kwetu, tuulize kwanza kazi yenyewe inahitaji nini hasa. Mhasibu anahitaji kujua hesabu na kuwa mwaminifu. Hahitaji miguu miwili. Kisha tumuulize mwombaji mwenyewe, bila kumkisia: ili uifanye kazi hii vizuri, unahitaji Haruni gani? Gharama ya Haruni huyo, tuiandike kwenye bajeti pamoja na ya umeme.