KUMKUMBUKA ASKARI ALIYEANGUKA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, mji wa Machakos uko bara, na Waislamu wake ni wachache kati ya majirani wengi wasiokuwa wa dini yao. Nchi ya Ukambani ilitoa askari wengi tangu zama za Keya, na hata leo watu wake hawakosekani jeshini. Basi msiba wa askari si jambo geni huko.

Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya jeshi la Kenya ya El Adde, katika nchi ya Somalia, ilishambuliwa na Al-Shabaab, na askari wengi wakauawa. Wenzi wao wa jeshini wakawataja kwa wema, na watu wasiopata kuwaona hata siku moja wakawalilia na kuwasifu. Tarehe 27 ya mwezi huo marais wa Kenya, Nigeria na Somalia walikutana Eldoret kuwakumbuka.

Hapa ndipo lilipo swali letu. Muislamu afanye nini jirani yake akiletewa maiti ya mwanawe aliyevaa nguo za jeshi? Wako wasemao: "Hayatuhusu, si wa dini yetu." Na wako wanyamazao kwa haya tu. Lakini jirani hauoni moyo, huona kimya. Na kwa kuwa wauaji wamejivika jina la Uislamu, kimya chetu hudhaniwa kuwa ni ridhaa. Na tutazame mwenendo wa Mtume, rehema na amani zimshukie.

Kwanza, ushuhuda wa watu si jambo dogo. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba jeneza lilipitishwa mbele ya Mtume, watu wakamsifu maiti kwa kheri. Likapitishwa la pili, wakamtaja maiti kwa shari. Kila mmoja Mtume alimhukumia lililomstahiki kwa maneno yale, akawafahamisha sahaba zake kuwa wao ni mashahidi wa Mwenyezi Mungu katika ardhi. Na shahidi hasemi ila alilolijua. Katika safari ya Khaybar mtu mmoja alipigwa mshale akafa, watu wakampongeza kwa kufa shahidi. Mtume akawakatalia, kwa ajili ya shuka moja aliyoichukua katika ngawira kabla haijagawanywa. Basi tumsifu maiti kwa tuliyoyaona: uaminifu wake, ushujaa wake, huruma yake kwa wenziwe. Pepo si yetu hata tuigawe makaburini. Na deni lake lilipwe kabla ya kutungiwa sifa.

Pili, tusiwakumbuke wenye vyeo peke yao. Alipokufa mtu aliyekuwa akiufagia msikiti, watu waliliona jambo lake dogo, wakamzika bila ya kumwambia Mtume. Mtume alipomuuliza na kuambiwa, alilitaka kaburi lake, akalisalia. Nasi tuwatazame wapagazi wa vita vya mwaka 1914 hata 1918, waliotolewa Ukambani, pwani na kila upande, wakabeba mizigo ya jeshi mpaka wakafa kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi limetokana na jeshi lao. Sanamu zimesimamishwa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, na maandishi yake yaahidi kuwa wana watalikumbuka jina la baba; lakini majina ya baba hao hayamo. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mwenyezi Mungu hasahau. Aliyesahau ni mwanadamu, na lawama ni yake.

Tatu, kumbukumbu bora ni ile iwafikiayo walio hai. Jaafar bin Abi Talib alipouawa Muuta, mwaka wa 8 wa Hijra, wenziwe walihesabu mwilini mwake majeraha yanayokaribia mia. Mtume alitokwa na machozi, akaenda kuwatazama watoto wake, kisha akaamrisha jamaa wa Jaafar wapikiwe chakula, kwani wameshughulishwa na msiba. Leo sisi tumeigeuza sunna hii juu chini: mjane ndiye apikaye, mali ya mayatima ndiyo iliwayo, na wasifu wa marehemu hushiba wakaondoka. Mwezi ukipita, hakuna abishaye hodi. Hii ni ada mbaya, na yapasa iachwe.

Nne, na ndilo jawabu la swali letu: lilipita jeneza la Myahudi, Mtume akasimama. Alipoambiwa kuwa ni Myahudi, aliwauliza kama huyo si nafsi. Na katika Suratul Mumtahina Mwenyezi Mungu hakutukataza kuwatendea wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Kweli, sala ya jeneza na kuombewa maghufira ni vya Waislamu. Lakini kwenda kwa jirani, kumpa mkono wa pole, kumtaja mwanawe kwa wema wake wa kweli, kupeleka chakula, kumsaidia karo ya mayatima, na kusema kwa sauti kwamba kuua kwa hiana si dini yetu: haya yote ni wajibu wa ujirani, wala hayampunguzii mtu imani yake.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu maiti wetu Waislamu, awape subira waliofiwa wote, na azijaalie ndimi zetu kuwa mashahidi wa kweli. Amin.