Dharuba, Kudra na Wajibu Chini ya Mlima Kenya

Swali la iwapo binadamu anaweza kuwajibika kwa jambo ambalo hakuliona likija ni la kale katika falsafa, lakini kwa mkulima wa ndizi wa Imenti au wa mahindi wa Mbeere huzuka upya kila upepo unapolaza shamba, kwa kuwa jibu la kwanza kutoka kwa majirani, na mara nyingi kutoka madhabahuni, huwa kwamba ni kudra ya Mungu. Jibu hilo linastahili heshima, ila linachanganya mambo mawili ambayo elimu ya hali ya hewa huyatenganisha.

La kwanza ni upepo wa wastani, yaani kasi ipatikanayo kwa kupima mvumo kwa dakika 10 mfululizo katika kimo cha mita 10 juu ya ardhi. La pili ni dharuba, yaani mvumo wa ghafla unaopanda juu ya wastani huo na kutulia baada ya sekunde chache. Kuhusu wastani, watabiri wana mengi ya kusema, kwa sababu vyanzo vyake hurudi: pepo za kusini-mashariki za katikati ya mwaka, zile za kaskazini-mashariki zianzazo mnamo Desemba, na Mlima Kenya wenyewe, wenye kimo cha mita 5,199, ambao miteremko yake hupata joto mchana ikavuta hewa ipande, kisha hupoa usiku ikaiachia ishuke mabondeni. Kuhusu dharuba, husema tu kwamba huenda zikatokea na zinaweza kufikia kasi gani, pasipo kutaja zitapiga boma la nani. Na dharuba ndiyo iangushayo, maana kasi ya upepo ikiwa maradufu, msukumo wake huwa mara nne. Mgomba uliobeba mkungu mzito, na ambao mizizi yake haiendi mbali chini, huweza kustahimili upepo wa kutwa nzima ukaja kung'olewa na msukumo mmoja. Ndiyo maana mkulima mwangalifu huutegemeza kwa miti miwili iliyofungwa pamoja karibu na ncha, ikakamata shina chini ya shingo ya mkungu.

John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Kitui, ng'ambo ya Mto Tana kutoka Mbeere, alidai katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba katika fikra za jadi wakati ujao ni mfupi mno, na kwamba tukio ambalo bado halijatokea huwa na nafasi katika wakati iwapo tu limo ndani ya mzunguko wa maumbile, kama vile msimu. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga, na pengine kwa haki. Hata hivyo hoja ya Mbiti husaidia kuonyesha ugumu wa dharuba, ambayo haimo katika mzunguko wowote, wala si jambo lisilojulikana kabisa, kwa kuwa uwezekano wake unajulikana ilhali tukio lenyewe halijulikani. Wajibu unaanzia hapo.

Imani haifuti wajibu huo: wazee waliomwomba Ngai, yaani Mungu, wakiuelekea mlima hawakuacha kuezeka nyumba zao kwa uangalifu. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, Eliya anapitiwa na upepo mkali ambao Bwana hakuwamo, simulizi inayopaswa kumzuia mhubiri asisome hukumu ya Mungu katika kila paa lililoezuliwa.

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa tahadhari ya upepo unaozidi noti 25, yaani takriban kilomita 46 kwa saa. Tahadhari hiyo ikishatolewa, na darasa ambalo mabati yake yalipigiliwa misumari michache likaezuliwa, wa kuulizwa ni waliolijenga na waliolikagua, wala si Mungu.