Daftari la Julai

Kila Julai, Ligi Kuu ikiwa imepumzika na vilabu vikubwa viko kambini, mimi huwa na vijana wa timu yetu ya mtaa hapa Morogoro, saa 12 asubuhi, umande bado haujakauka. Tunakimbia njia ya Bigwa, tunarudi, tunapanga koni, tunagawana vizibao. Mwaka huu walikuja 40, na nafasi ni 25. Kuchagua ni kazi yangu. Nina daftari la kuandika ninachokiona, na kwa miaka mingi niliamini kwamba naona.

Kuna Julai nilimkata beki mmoja. Alikuwa mzito, kwenye mbio anafika wa mwisho, mpira unamponyoka. Mbele ya jina lake niliandika "Hapana". Nafasi yake akaipata kijana ambaye kwenye koni hakuna aliyemfikia. Mpira ulimtii kama mbuzi aliyefugwa nyumbani. Oktoba tukacheza na timu ya jirani, kuna matope, watu wamefurika hadi kwenye mstari. Dakika ya kumi mshambuliaji wao akamkanyaga kifundo. Kuanzia hapo kijana wangu akaanza kujificha. Uwanjani alikuwemo, lakini kila mpira ulipokuja yeye alikuwa nyuma ya mtu. Na upande wa pili nani anaruka kila mpira wa juu na kuwapanga wenzake kwa sauti? Yule niliyemkata.

Makocha wenzangu wakanifariji: koni haikabi. Ni kweli. Mazoezini hakuna anayetaka uaibike, na mama yako hayupo pembeni akisikia unavyozomewa. Lakini mimi ni mzee wa kanisa pia, na kilichoninyima usingizi hakikuwa mabao tuliyofungwa. Nilijiuliza ni haki gani iliyonipa ujasiri wa kuandika "Hapana" juu ya moyo ambao sikuwa nimeuona ukiguswa.

Nabii Samweli mwenyewe alimtazama Eliabu, kimo chake na sura yake, akadhani mfalme amepatikana, kumbe anayetafutwa yuko machungani na kondoo. Ikiwa nabii alikosea kwa kutazama mwili, mimi mwenye saa ya kupimia mbio ni nani? Hata Mbwana Samatta, TP Mazembe hawakumchagua kwa kumwona akizunguka koni. Mwaka 2011 alicheza dhidi yao akiwa na jezi ya Simba, Ligi ya Mabingwa Afrika, wakamchukua kwenda Lubumbashi. Kwa mwaka 2015 akawa mchezaji bora wa Afrika kati ya wanaocheza barani.

Sisemi Julai ni kipofu. Inanionyesha nani amerudi na goti ambalo halijapona, nani anarudi nyuma kumsindikiza wa mwisho kwenye kilima, nani anaokota koni bila kuitwa. Hayo nayaandika na nayaamini, kwa sababu yanafanyika wakati hakuna wa kupiga makofi. Ushujaa siuandiki tena.

Nimekaa sana na habari ya Ibrahimu na mwanawe mlimani. Mungu anajua yote. Alimjaribu ili apate kujua nini? Mchungaji wetu ana maelezo yake, nami nayaheshimu. Mimi, kwa miguu hii ya uwanjani, naona hivi: yule aliyepanda mlima siye aliyeshuka. Safari ya siku tatu ilimfanyia Ibrahimu kitu ambacho kabla ya hapo hakikuwemo ndani yake. Basi na njia ya Bigwa haikuwekwa ili mimi nipate cha kuandika. Beki yule mzito huenda alipata moyo wake kwenye mbio zile zile nilizomhesabia kuwa wa mwisho, siku baada ya siku, akifika peke yake na bado akija kesho yake. Nilikuwa namhukumu angali anaumbwa.

Kukata bado nakata, jezi ni 25. Ila sasa naandika kwa penseli, na siandiki kabla ya mechi tatu za kirafiki, zenye mwamuzi na watazamaji.

Juzi kijana mmoja mfupi, kipa, alinisubiri hadi wenzake wakaondoka. "Shikamoo mwalimu. Nimo?"

"Marahaba. Njoo kesho saa 12," nikamwambia. "Bado tunakimbia."